Hipnosisi: kinachobadilika katika fikra na hisi za mtu aliye macho

Ukiwa umeishi Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi kwa muda, hadithi hii umeisikia, pengine kutoka kwa mtu wa nyumbani kwako. Mama anatoka sokoni, anasimamishwa na kijana mwenye adabu anayeulizia mtaa fulani, mara anatokea wa pili anayedai kwamba naye ni mgeni, wanazungumza, wanapeana mikono. Baada ya saa moja mama amekaa kwenye baraza ya watu asiowajua, hereni hazimo masikioni, simu haipo, na pesa za kikoba alizokuwa amekabidhiwa zimekwenda. Akiulizwa anajibu kwamba alitoa mwenyewe kwa mkono wake, ila hajui akili yake ilikuwa wapi. Zamani watu walisema amepumbazwa, au amefanyiwa mazingaombwe. Siku hizi neno linalotajwa ni hipnosisi: eti alipewa mkono, akalala huku macho yako wazi, akatii kila alichoambiwa.

Neno hilo limebebeshwa mzigo usio wake. Hipnosisi ipo, imechunguzwa katika maabara kwa zaidi ya miaka mia moja, na hubadilisha kweli namna mtu anavyoona, anavyosikia maumivu na anavyojihisi kuwa mwenye matendo yake. Lakini mabadiliko hayo ni tofauti na yanayosimuliwa barazani, na kuyachanganya kunaumiza watu wa aina mbili: aliyeibiwa, ambaye hapati msaada anaouhitaji, na mgonjwa ambaye angeweza kupunguziwa maumivu lakini anaikimbia njia hiyo kwa kudhani ni ulozi.

Tuanze na maana. Hipnosisi ni hali ya kuwa macho ambamo umakini wa mtu hukusanyika mahali pamoja kiasi kwamba mambo ya pembeni yanafifia, na ndani ya hali hiyo mtu huwa mwepesi kuliko kawaida kupokea madokezo. Dokezo ni neno la pili la kushika, na ni vizuri kulitenga na amri. Amri humtaka mtu afanye jambo: "Inua mkono." Dokezo humweleza jambo kana kwamba linatokea lenyewe: "Mkono wako unazidi kuwa mwepesi, kama umefungiwa puto, unaanza kupanda." Aliyetii amri ameinua mkono na anajua kwamba ameuinua. Aliyepokea dokezo akiwa katika hipnosisi atakuambia kwamba mkono ulipanda wenyewe, naye alikuwa akiutazama tu. Misuli iliyofanya kazi ni ileile na ubongo uliotuma ujumbe ni uleule, ila hisia ya kwamba "mimi ndiye niliyefanya" imeondoka. Aliyeielewa tofauti hiyo ameelewa nusu ya mada yote. Anayekiongoza kikao nitamwita mwendeshaji, na maneno ya mwanzo yanayomwingiza mtu katika hali hiyo nitayaita maandalizi.

Jina lenyewe limechangia kutuvuruga. Daktari wa upasuaji James Braid, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Manchester, alilitoa kwenye Hypnos, neno la Kigiriki la usingizi, na akalitangaza katika kitabu alichochapisha mwaka 1843. Baadaye aliona kwamba wengi wa watu aliokuwa akiwashughulikia hawakuwa wamelala kabisa, na mwaka 1847 akapendekeza jina jingine lenye maana ya kushikwa na wazo moja. Jina hilo la pili, ambalo lilikuwa karibu zaidi na ukweli, halikupokelewa, nasi tumeachiwa jina linalotufanya tudhani kuna usingizi pasipo na usingizi. Aliyelala huangusha kikombe alichokishika, hasikii akisemeshwa kwa sauti ya kawaida, na ukimpima mawimbi ya umeme ya ubongo utayaona yakipungua kasi kwa namna inayojulikana. Aliye katika hipnosisi hujibu maswali, hutembea akitakiwa, husikia gari likipita nje, na mawimbi ya ubongo wake ni ya mtu aliye macho. Moshi ukiingia chumbani, atafumbua macho na kutoka.

Kuna vipande vya hali hii katika maisha ya kila siku, na ni afadhali kuanzia huko. Abiria wa daladala ameshika simu anasoma ujumbe uliomgusa; kondakta anaita kituo mara mbili, abiria hasikii, anashtuka wamekwisha pita. Masikio yake hayakuziba. Sauti iliingia, lakini umakini ulikuwa kwingine na sauti haikupewa nafasi. Mchezaji wa mpira hugundua kwamba mguu umechanika baada ya kipenga cha mwisho, akavua soksi akaona damu. Msomaji anayejiwazia sasa hivi embe bichi lililokatwa vipande, likanyunyiziwa chumvi na pilipili, mate yamekwisha mjaa kinywani ingawa embe hakuna. Mambo haya matatu, yaani kuzama, kutosikia kilichopo, na mwili kuitikia kisichopo, hutupata sote. Katika hipnosisi hukusanywa kwa makusudi na kupewa mwelekeo.

Lipo jaribio dogo ambalo kila mtu anaweza kulifanya mezani kwake, nami ningependa msomaji alifanye kabla ya kuendelea. Chukua uzi wa urefu wa kama dhiraa moja, ufunge pete mwishoni. Egemeza kiwiko mezani, shika uzi kwa ncha za vidole viwili, uiache pete ining'inie juu ya karatasi uliyochora msalaba. Usiusukume mkono. Iangalie pete na uwaze tu kwamba inakwenda mbele na nyuma kwenye mstari mmoja. Kwa watu wengi, baada ya nusu dakika hivi pete huanza kuyumba kwa upande huohuo, kwanza kidogo, kisha bila shaka yoyote. Ukiwaza duara, mwendo hupinda na kuwa duara. Mkono unaonekana umetulia tuli, nawe unaapa kwamba hukufanya chochote. Mkemia wa Kifaransa Michel Chevreul aliandika maelezo ya jambo hili mwaka 1833, akionyesha kwamba ukifumba macho usiione pete, mwendo hupungua na kutoweka. Wazo la mwendo huamsha misuli kwa kiasi kidogo mno cha kuhisika, na kwa kuwa hatukuhisi nia, tunaihesabu pete kuwa imejiendesha. Mganga wa bao anayeuliza maswali kwa pete inayoning'inia huenda hadanganyi mtu kwa makusudi. Pete inamjibu kile anachokitarajia mwenyewe.

Kikao cha hipnosisi, kwa anayekiona mara ya kwanza, hakina cha kutisha wala cha kusisimua. Mtu ameketi kwenye kiti, mikono mapajani, amekaza macho kwenye doa moja ukutani. Mwendeshaji anazungumza taratibu, anarudia maneno, anafuata mwendo wa pumzi: kope ni nzito, mabega yanashuka, sauti za nje zinakwenda mbali. Macho yanafumba. Baada ya dakika kumi hivi linakuja dokezo la mkono mwepesi, na hapo ndipo inafaa kutazama kwa karibu. Kidole cha shahada hutikisika peke yake. Kifundo cha mkono huachana na kitambaa cha suruali. Kisha mkono hupanda kwa vijirukoruko vidogo vinavyosimama na kuanza tena, tofauti kabisa na mwendo laini wa mtu anayeinua mkono kwa hiari yake. Uso umetulia, na mwenye mkono, akiulizwa, anaeleza kama shahidi wa jambo linalotendeka jirani.

Swali la haki linafuata: tutajuaje kwamba haigizi? Watafiti walijiuliza hivyohivyo, na majibu bora yametoka kwenye vipimo ambavyo mtu hawezi kuvighushi kwa urahisi.

Cha kwanza kinahusu rangi. Mwaka 2000 kundi la watafiti lililoongozwa na mwanasaikolojia Stephen Kosslyn wa Chuo Kikuu cha Harvard lilichapisha matokeo ya watu wanane waliochaguliwa kwa sababu huingia kwenye hipnosisi kwa urahisi. Walionyeshwa picha, moja ya rangi na nyingine ya kijivu, huku mashine ikipima mtiririko wa damu ndani ya ubongo. Walipodokezewa waione picha ya kijivu kuwa ya rangi, sehemu za ubongo zinazoshughulikia rangi ziliongeza kazi, na walipodokezewa waione ya rangi kuwa ya kijivu, zikapunguza. Walipotakiwa kufanya hayohayo bila hipnosisi, upande wa kulia wa ubongo uliitikia, lakini ule wa kushoto uliitikia wakiwa katika hipnosisi tu. Mtu anayeigiza anaweza kusema "naona nyekundu", lakini upande ule wa kushoto haukuitikia kwa kuwaza tu.

Cha pili kinahusu maumivu, na kwangu ndicho chenye mafunzo mengi zaidi. Maumivu tunayasema kama kitu kimoja, lakini yana pande mbili: ukali wake, na namna yanavyotukera. Ni kama redio inayolia kwa jirani usiku: sauti inaweza kubaki ileile, lakini usiku ambao umechoka na una wasiwasi inakuudhi, na usiku ambao una furaha haikusumbui. Pierre Rainville na wenzake mjini Montréal, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, waliwatumbukiza watu mkono katika maji ya moto ya nyuzi 47, kisha kwa hipnosisi wakawadokezea kwamba karaha ya maumivu imezidi au imepungua, bila kugusia ukali. Maji hayakubadilishwa. Waliotumbukiza mikono walieleza karaha kupanda na kushuka kulingana na dokezo, na eneo moja lililo katikati ya sehemu ya mbele ya ubongo, linalohusika na uzito tunaolipa jambo, likapanda na kushuka pamoja na maelezo yao. Eneo linalopokea habari za mwili zenyewe, yaani moto umegusa wapi na kwa kiasi gani, halikubadilika kwa namna hiyo. Kwa maneno mengine, habari ya moto ilifika, ila haikupewa uzito uleule.

Cha tatu kinagusa kufikiri. Andika neno KIJANI kwa wino mwekundu, umwombe mtu ataje rangi ya wino. Atasita kidogo, kwa sababu anayejua kusoma hawezi kujizuia asisome, na neno linapigana na rangi. Kusita huku ni mojawapo ya mambo thabiti zaidi katika saikolojia, na kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba kusoma kukishazoeleka hakuzuiliki. Mwaka 2002 Amir Raz na wenzake walitoa matokeo ya watu wepesi kuingia katika hipnosisi ambao walidokezewa kwamba maneno watakayoyaona baadaye yatakuwa alama za lugha ya kigeni wasiyoijua, zisizo na maana. Walipotoka kwenye hipnosisi na kufanya jaribio, kule kusita kukatoweka. Kwa wale wasio wepesi, kulibaki palepale. Miaka minne baadaye Raz na wenzake walionyesha kwamba kwa watu walewale wepesi, dokezo lililotolewa bila maandalizi yoyote ya hipnosisi lilipunguza kusita pia. Nitalirudia jambo hili, maana ndipo wataalamu wanapogawanyika.

Ni kitu gani basi hutofautisha hali hii na kuwa macho kwa kawaida? Fikiria ofisi ya posta yenye karani wa kuhakiki. Kila barua inayoingia na kutoka hupita mezani kwake naye huuliza: hii imetoka wapi, ni kweli, nani ameituma, sisi au mtu wa nje? Tukiwa macho kwa kawaida karani huyu hafungi dirisha. Tukisikia "mkono wako ni mwepesi" huitazama kauli, huipima, huigonga muhuri wa "si kweli", na mkono unabaki pajani. Katika hipnosisi karani hajafukuzwa, lakini amepunguza kazi: barua inapita bila kugongwa muhuri, mkono unapanda, na kwa kuwa hakuna aliyeandika kwamba agizo lilitoka humuhumu ndani, mwenye mkono anaona limetoka nje. Utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Stanford chini ya daktari wa akili David Spiegel, uliochapishwa mwaka 2016 na kuwahusisha watu 57 waliochunguzwa ubongo kwa mashine, unaendana na picha hiyo. Kwa walio wepesi, shughuli ilipungua katika eneo linalotuonya kuhusu mambo ya kujihadhari nayo. Mawasiliano yakaongezeka kati ya sehemu inayopanga matendo na ile inayosikiliza hali ya mwili. Na mawasiliano yakapungua kati ya sehemu hiyo inayopanga na mtandao unaotumika tunapojitafakari wenyewe. Huenda ndiyo maana mtu hutenda bila kujitazama akitenda.

Karani akipunguza kazi, fikra nazo huchukua sura ya pekee. Daktari wa akili Martin Orne aliandika mwaka 1959 kuhusu watu waliodokezewa kwamba mtu wanayemfahamu ameketi kwenye kiti kitupu. Wakamwona. Kisha wakaonyeshwa mtu yuleyule halisi akiwa amesimama upande mwingine wa chumba, na baadhi yao wakasema wanawaona wote wawili, bila kuona tatizo lolote. Wengine waliweza kuona mgongo wa kiti kupitia mwili wa aliyeketi. Mtu aliye macho kwa kawaida angegoma: mmoja hawezi kuwa wawili. Ndotoni sote huyakubali mambo ya namna hiyo. Ajabu ya hipnosisi ni kwamba huyakubali mtu anayezungumza nawe na kukujibu vizuri. Saa nazo hupotea, na wengi hukisia kwamba kikao kilikuwa kifupi kuliko kilivyokuwa.

Nimetaja mara kadhaa watu walio wepesi, na hapa imani nyingi za mtaani huanguka. Tangu mwaka 1959, wanasaikolojia Weitzenhoffer na Hilgard wa Stanford walipotengeneza kipimo chao, imejulikana kwamba kila mtu ana kiwango chake. Kipimo hicho kina majaribio kumi na mawili, kuanzia mepesi, kama mikono kusogeleana, hadi magumu, kama kusahau kwa dokezo. Takriban mtu mmoja katika kila kumi, au zaidi kidogo, hupita karibu yote. Idadi inayokaribia hiyo haiitikii takriban chochote. Wengi tuliobaki tuko katikati. Kiwango hicho hakibadiliki sana: watu waliopimwa tena baada ya miaka 25 walipata alama zinazofanana na za awali kwa kiasi cha kushangaza. Aliye mwepesi hana akili dhaifu wala hakuzaliwa bila msimamo. Sifa inayoambatana naye, ingawa si kwa nguvu sana, ni uwezo wa kuzama, kama yule anayesoma riwaya akasahau chungu jikoni. Watoto wa shule ya msingi kwa kawaida ni wepesi kuliko watu wazima.

Kwa hiyo uwezo uko kwa anayeingia katika hali hiyo, na mwendeshaji ni mfano wa mtu anayemshika mwenzake mkono kumwonyesha njia. Ulimwengu ulichelewa kulikubali hilo. Franz Anton Mesmer, daktari aliyetoka Vienna akahamia Paris mwaka 1778, aliamini kwamba kuna umajimaji usioonekana unaotiririka kutoka mwilini mwake kwenda kwa wagonjwa, na wagonjwa wakawa wanatetemeka na kuzirai mbele yake. Mwaka 1784 Mfalme Louis wa kumi na sita aliunda tume, na ndani yake walikuwamo Benjamin Franklin na mkemia Lavoisier. Waliufanya uchunguzi wao kwa werevu. Katika bustani ya Franklin huko Passy, mwanafunzi wa Mesmer aliutia mti mmoja zile nguvu, kisha akaletwa mvulana wa miaka kumi na miwili aliyefungwa kitambaa machoni, akapitishwa mti kwa mti bila kuambiwa ni upi. Alianza kutoka jasho na kukohoa kwenye mti wa kwanza, na alipofika wa nne akazirai, ilhali huo haukuwa mti uliotiwa nguvu. Tume ikaandika kwamba umajimaji haupo na kwamba kazi yote ni ya kuwaza. Mwaka 1813 padri kutoka Goa aliyeishi Paris, Abbé Faria, alianza kuwaambia watu hadharani kwamba hana nguvu yoyote ya pekee, na kwamba sababu imo ndani ya anayeingia katika hali hiyo. Alikuwa sahihi, na alichekwa.

Wataalamu wenyewe hawajaafikiana juu ya jambo moja kubwa. Wapo wanaosema hipnosisi ni hali ya pekee ya fahamu, kama usingizi ulivyo hali ya pekee, na wapo wanaosema ni matarajio, kuzama na ushirikiano wa kawaida vilivyokusanywa pamoja, bila haja ya kudai hali mpya. Matokeo ya Raz ya dokezo lisilo na maandalizi huwapa nguvu hawa wa pili. Matokeo ya Kosslyn kuhusu upande wa kushoto wa ubongo huwapa nguvu wale wa kwanza. Mimi naona kwamba ubishi huo ni wa jina zaidi kuliko wa mambo, kwa sababu pande zote mbili zinakubali kwamba anayesema hasikii maumivu mara nyingi anasema kweli. Nitahadharishe pia kwamba kupandwa na pepo katika ngoma zetu za pwani, ingawa kunafanana na hipnosisi kwa yule anayetazama kutoka nje, kuna mpango wake, maana yake na jamii yake, na haifai kulifuta jambo hilo kwa neno moja la maabara.

Imani mbili zilizobaki zina hatari kubwa. Ya kwanza ni kwamba hipnosisi hufungua kumbukumbu zilizofungwa, na kwa hiyo inaweza kumfanya shahidi aseme kweli. Ukweli ni kinyume. Karani wa kuhakiki akipumzika, alichokiwaza mtu na alichokiona hupita dirisha moja bila kutenganishwa. Mwaka 1983 watafiti Laurence na Perry walieleza jinsi walivyowachukua watu 27 walio wepesi sana, wakawarudisha kwa hipnosisi kwenye usiku mmoja wa wiki iliyopita, na kuwadokezea kwamba waliamshwa na kelele kubwa. Baada ya kikao, 13 kati yao walisema kelele hizo zilitokea kweli. Hipnosisi humwongezea mtu uhakika kuliko inavyomwongezea usahihi, na mahakama nyingi za Marekani zimeweka masharti makali au kuukataa kabisa ushahidi uliopatikana kwa njia hiyo. Ya pili ni kwamba aliye katika hipnosisi anaweza kulazimishwa kutenda jambo lolote. Mwaka 1965 Orne na mwenzake Evans waliwataka watu walio katika hipnosisi wamshike nyoka wa hatari na kummwagia mtu tindikali usoni, huku kukiwa na kinga zilizofichwa. Wengi walifanya. Lakini watu walioambiwa waigize tu kwamba wako katika hipnosisi nao walifanya hivyohivyo, na walieleza baadaye kwamba walijua mtafiti wa chuo kikuu hawezi kuruhusu mtu aumie. Kilichowasukuma ni imani kwa aliyewaagiza na mahali walipokuwa.

Manufaa yake yako hospitalini. Mwaka 1845, kabla ya dawa za nusu kaputi kujulikana, daktari Mskoti James Esdaile alianza kupasua wagonjwa huko Hooghly, Bengal, kwa kutumia maandalizi ya aina ya Mesmer yaliyochukua saa nyingi. Wagonjwa wake wengi walikuwa na mabusha na matende makubwa, maradhi ambayo watu wa pwani yetu wanayajua vizuri mno. Wengi walivumilia kisu kwa utulivu; baadhi waliendelea kuonyesha dalili za maumivu. Siku hizi hakuna anayetaka kurudi huko, lakini katika hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, daktari Marie-Elisabeth Faymonville alianza mwaka 1992 kuunganisha hipnosisi na sindano ya ganzi pamoja na dawa kidogo za kutuliza, na maelfu ya wagonjwa wamepasuliwa hivyo, wakiwamo waliofanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo. Mgonjwa yuko macho, daktari anafanya kazi shingoni, na mtu mmoja ameketi kichwani akimzungumzisha taratibu kuhusu mahali anapopapenda. Ugonjwa wa tumbo unaokaza na kuvuruga choo bila kidonda kuonekana umepata nafuu kwa njia hiyo tangu majaribio ya Peter Whorwell huko Manchester mwaka 1984. Hipnosisi haiondoi uvimbe wala haitibu maambukizi, na mwenye ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti au kuona visivyokuwapo hapaswi kuijaribu nje ya uangalizi wa daktari wake.

Sasa turudi barazani kwa yule mama. Kumpa mtu mkono hakutoshi kumwingiza katika hipnosisi. Angehitaji kukubali, kutulia, kusikiliza, na kuwa mmoja wa wale wachache walio wepesi sana, na hata hapo asingegeuka mtumwa. Matapeli wana zana zilizo rahisi zaidi: haraka inayomnyima mtu nafasi ya kufikiri, hadithi yenye huruma au faida ndani yake, na mwenzao anayejifanya mpita njia na kuithibitisha. Baada ya hapo, aibu humfanya aliyeibiwa aone kwamba hakuwa yeye aliyetoa, na maelezo ya mazingaombwe humpunguzia aibu hiyo. Hana sababu ya kuona aibu, kwa kuwa ulaghai wa watu kadhaa waliojipanga humshinda mtu mmoja mwenye akili timamu kila siku.

Lakini ikiwa alikunywa soda au chai waliyompa, au aliamka bila kukumbuka saa kadhaa, habari ni nyingine. Kuna dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi ambazo hufuta kumbukumbu huku mtu akiendelea kutembea na kujibu. Nairobi huita tendo hilo kuwekewa mchele. Hapo kinachohitajika ni hospitali, siku hiyohiyo, na kumweleza daktari waziwazi kwamba unashuku umenyweshwa kitu, ili akuangalie pumzi na mapigo ya moyo na kuchukua mkojo na damu. Baadhi ya dawa hizo hutoka mwilini kwa muda mfupi, na wengi hufika hospitalini siku ya tatu, baada ya kupitia kwanza kwa mganga kuondolewa mazingaombwe.